Mtoto wa Nyoka, au Mwana Umleavyo?

Wahenga waliacha methali mbili ambazo, zikitiwa katika mizani moja, kila moja huvuta upande wake. Ya kwanza yasema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu mzazi huitamka ile ya kwanza mtoto wa jirani akamatwapo na kitu cha wizi, na huikumbuka ile ya pili siku mtoto wake mwenyewe aletwapo nyumbani akiwa ameshikwa mkono na koplo. Ndugu msomaji, ikiwa u mwanajeshi, u polisi, au u mke wa askari, bila shaka umekwisha kuiona mizani hiyo ikipanda na kushuka mlangoni pako.

Juma hili mizani hiyo inawekwa mbele ya kitu ambacho wazazi wengi hukidharau, nacho ni kitabu cha katuni. Kitabu chenyewe kimetoka Marekani, na jina lake ni The Judas Contract, maana yake Mkataba wa Yuda. Ni mkusanyiko wa hadithi za picha zilizotolewa kwanza kidogo kidogo katika magazeti ya mwaka 1984, kisha zikatiwa pamoja na kuwa kitabu kimoja mwaka 1988. Tangu wakati huo kimepigwa chapa tena na tena, na wasomaji wake hawajaacha kubishana. Wapo waliokisoma wakiwa wanafunzi, wakakisoma tena wakiwa na watoto wao, wakajikuta wamehama upande mmoja wa mabishano wakaenda upande wa pili. Wanachobishania si uzuri wa picha, kwa maana juu ya hilo karibu wote wanapatana. Wanabishania jambo ambalo kila kituo cha polisi hulikuta: mtoto akitumiwa na mtu mzima kutenda uovu, hukumu imwangukie nani?

VIJANA WALIOKUWA WASAIDIZI

Kwanza hapana budi kueleza asili ya kundi linalosimuliwa. Mwaka 1964 kampuni ya DC, iliyokuwa na makao yake New York, ilitoa hadithi iliyowakutanisha vijana watatu waliokuwa wasaidizi wa mashujaa wakubwa. Robin alikuwa msaidizi wa Batman, Kid Flash msaidizi wa Flash, na Aqualad msaidizi wa Aquaman. Hadi hapo kila mmoja wao alikuwa akimfuata mkubwa wake kama tarishi amfuatavyo ofisa, akitumwa huku na huko, akisifiwa mara chache na kukemewa mara nyingi. Sasa walifanya kazi peke yao. Mwaka uliofuata aliongezwa msichana, Wonder Girl, na kundi likaitwa Teen Titans. Mwaka 1966 likapata gazeti lake lenyewe. Gazeti hilo lilikoma mwaka 1973, likafufuliwa mwaka 1976, likakoma tena mwaka 1978.

Mwaka 1980 mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez walilianzisha upya. Robin, Wonder Girl na Kid Flash walibaki, wakaongezewa wenzao wanne. Cyborg alikuwa kijana mweusi ambaye nusu ya mwili wake ilikuwa ya chuma, baada ya ajali katika maabara walimofanya kazi wazazi wake. Ajali hiyo ilimwua mama yake, na yeye akabaki na uchungu mwingi juu ya baba yake. Starfire alikuwa binti wa mfalme kutoka sayari nyingine, aliyewahi kuuzwa utumwani. Raven alikuwa msichana aliyezaliwa na baba mwovu mno, naye aliishi kwa hofu ya kwamba uovu wa baba ungemshinda siku moja. Wa mwisho ni Gar Logan, aliyeitwa Changeling, kijana wa rangi ya kijani mwenye uwezo wa kujigeuza mnyama yeyote. Huyu alikuwa mcheshi wa kundi, na kama walivyo wacheshi wengi, ucheshi wake ulificha upweke.

Msomaji atatambua kwamba kila kijana katika kundi hilo alikuwa na jambo lisilomalizika kati yake na wazazi au walezi wake. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya vijana wa Marekani kulipenda gazeti hilo mno. Waliona nguvu za ajabu na mapigano, hapana shaka. Lakini waliona pia nyumba zao wenyewe. Hata wakuu wa nchi walilitambua hilo. Mwaka 1983 Titans walitumiwa katika kijitabu maalumu cha kuwaonya watoto wa shule juu ya dawa za kulevya, nacho kilikuwa na ujumbe wa Nancy Reagan, mke wa Rais wa wakati ule.

MSICHANA ALIYETUMWA

Mwishoni mwa mwaka 1982 akatokea msichana mmoja jina lake Tara Markov, aliyejiita Terra. Alikuwa na uwezo wa kuamuru ardhi na mawe yamtii. Alionekana kwanza akitaka kuivunja Sanamu ya Uhuru ya New York, na alipozuiwa na Changeling alidai kwamba alikuwa akilazimishwa na magaidi. Titans walimhurumia. Wakampa nafasi katika nyumba yao, wakamfundisha, na Changeling akampenda.

Pérez alimchora kwa makusudi asifanane na wachawi wa hadithi. Alikuwa na meno ya mbele yaliyotokeza kidogo, nywele fupi, na uso wa msichana wa kawaida ambaye mtu angeweza kumkuta akichota maji bombani. Wasomaji wakampokea kama walivyompokea Titans. Kisha, mwaka 1983, ukurasa ukafunuliwa na siri ikatoka: Terra alikuwa jasusi. Aliyemtuma alikuwa mamluki aitwaye Slade Wilson, ambaye jina lake la vita lilikuwa Deathstroke, Muangamizi. Machoni msichana alivaa lenzi zenye kamera ndani yake, na kila alichokiona katika nyumba ya Titans, bwana wake alikiona pia. Nyuso zao bila ya vinyago, majina yao ya kweli, mahali walipolala, vyote vilipelekwa kwa adui.

Katika hadithi za mwaka 1984, ambazo ndizo kiini cha kitabu, mavuno ya ujasusi huo yanavunwa. Slade anawanasa vijana mmoja mmoja, kila mtu kwa mtego unaofaa tabia yake, mahali ambapo kila mmoja alijiona salama. Anayeponyoka ni mmoja tu, Dick Grayson, yule aliyekuwa Robin. Grayson alikuwa amekwisha kuliacha vazi la utotoni. Sasa anajitwalia jina jipya, Nightwing, na kwenda kuwaokoa wenziwe. Mwishoni Terra anaamini kwamba Slade amemgeuka. Hasira inampanda, anauamuru mlima wa mawe uwaangukie wote, na mawe yanamfunika yeye.

Wolfman na Pérez walieleza baadaye kwamba tangu siku ya kwanza walikusudia Terra awe msaliti, na tena afe. Hawakutaka atubu. Walijua kwamba wasomaji walizoea hadithi ambazo kijana mwovu hulia machozi katika ukurasa wa mwisho na kusamehewa, nao wakaazimia kuwanyima wasomaji machozi hayo.

NYUMBA YA ASKARI

Kabla ya kusikiliza hukumu za wasomaji, yafaa kumtazama yule aliyemtuma msichana. Kitabu kinatoa kurasa nyingi kueleza maisha ya Slade Wilson, na msimulizi ni mtu anayemjua kuliko wote, yaani Adeline, aliyekuwa mkewe.

Slade aliingia jeshini akiwa na miaka 16, baada ya kudanganya juu ya umri wake. Alipigana vita vya Korea, akapanda cheo. Alipopelekwa kujifunza mbinu mpya za mapigano, mwalimu wake alikuwa Kapteni Adeline Kane. Wakapendana, wakaoana, wakapata watoto. Baadaye jeshi lilimfanyia majaribio ya dawa yaliyompa nguvu na akili kupita binadamu wa kawaida. Alipotoka jeshini aliingia katika kazi ya umamluki, akaificha. Mkewe aliamini kwamba mumewe alikuwa akisafiri kuwinda wanyama.

Siku moja maadui wa kazi ile ya siri wakamteka nyara Joseph, mtoto wao mdogo. Walitaka Slade ataje jina la mtu aliyemkodi. Slade alishika sheria ya umamluki wake, asiseme, akitumaini kwamba wepesi wake ungemwokoa mtoto. Wepesi ulichelewa kidogo. Joseph aliponea chupuchupu, lakini koo lilikuwa limekwisha kukatwa, na tangu siku ile hakusema tena ila kwa ishara za mikono. Adeline alipoujua ukweli alichukua bastola akamlenga mumewe. Slade aliwahi kukwepa, asife, lakini alipoteza jicho moja.

Mtoto wake mkubwa, Grant, naye alijitwika nguvu za kupewa na wahalifu ili apigane na Titans, na nguvu zile zikamwua. Slade hakuwalaumu waliompa mwanawe sumu. Aliwalaumu Titans, akauchukua mkataba ambao Grant alishindwa kuutimiza, na katika kuutimiza akamtafuta mtoto mwingine wa kumtuma. Huyo ndiye Terra.

Kwa hiyo msomaji wa kambini anaona jambo ambalo huenda msomaji mwingine asilione upesi. Kisa hiki, pamoja na mavazi yake ya ajabu, ni kisa cha nyumba ya askari. Ni kisa cha mtu aliyeleta vita nyumbani akadhani ameviacha mlangoni. Watoto wawili walilipa: mmoja kwa uhai, mwingine kwa sauti. Wa tatu hakuwa wake wa kuzaa, lakini alilishwa mezani pake na kuvishwa chuki yake.

HUKUMU YA WASOMAJI

Wasomaji wa kitabu hiki waweza kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale wanaosema kwamba Terra alikuwa mwovu tangu mwanzo, na kwamba uzuri wa hadithi umo katika kutoficha jambo hilo. Hao wanakumbusha kwamba alipewa kila nafasi. Alilala chini ya dari moja na vijana waliompenda, akala nao, akasherehekea nao, na moyo wake haukulainika. Wanasema kwamba ulimwenguni wamo watu wa namna hiyo, na kijana anayesoma afadhali akutane nao kitabuni kabla ya kukutana nao njiani. Tena wanamhurumia Changeling, na haki wanayo. Uchungu wa mtu aliyempenda msaliti ni mzito kuliko wa aliyempoteza rafiki mwema, kwa kuwa hajui amlilie nani. Methali ya fungu hili ni ile ya nyoka.

Fungu la pili halijali sana habari za Terra. Hao wanasoma kitabu kama kisa cha Dick Grayson, mtoto aliyelelewa na Batman, akatumika chini yake miaka mingi, akafikia siku ya kuvua jina la msaidizi na kusimama kwa jina lake. Wanasema kwamba hapo ndipo ulipo moyo wa kitabu: kijana anaondoka katika kivuli cha mlezi wake bila ya kumtukana. Naam, nalo ni jambo jema, na baba ambaye mwanawe amekataa kufuata kazi yake anaweza kuzisoma kurasa hizo kwa faida.

Fungu la tatu lilikuwa dogo zamani, nalo limekua mwaka hadi mwaka. Hao wanarudi kwenye ukurasa wa mauti ya Terra na kuyasoma maneno ya msimulizi. Msimulizi anasema kwamba msichana amezidi kidogo tu miaka 16, na papo hapo anaongeza kwamba wazimu uliomshika haukuletwa na kosa la mtu yeyote ila yeye mwenyewe. Fungu la tatu linauliza: hakuna mtu? Na yule mwanamume mzima mwenye mvi, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, aliyemchukua msichana wa miaka 15, akamfundisha kuua na kupeleleza, tena akamweka nyumbani mwake katika uhusiano ambao picha zenyewe zinaonyesha wazi kwamba haukuwa wa mlezi na mtoto, yeye hana sehemu katika wazimu huo?

Swali hilo linazidi kuwa zito mtu atazamapo yaliyofuata. Slade hakufa. Katika matoleo ya baadaye alifikishwa mahakamani, kisha Changeling mwenyewe akaenda kumkabili, wakaishia kuzungumza kama watu wawili wenye msiba mmoja. Wasomaji walimpenda mno kwa ushujaa wake, kwa kutimiza ahadi zake za kazi, na kwa huzuni ya jicho lake moja. Mwaka 1991 kampuni ikampa gazeti lake mwenyewe, lenye jina lake juu ya jalada. Mtu mzima aliyetuma alipandishwa kuwa mhusika mkuu. Mtoto aliyetumwa alibaki kaburini na hukumu iliyoandikwa juu yake.

Wasomaji wa fungu la kwanza hujibu kwamba kumwondolea Terra lawama zote ni kumfanya kinyago kisicho na hiari, na kwamba vijana wengi waliteseka kuliko yeye wala hawakuua. Jibu hilo si la kupuuzwa. Mtoto wa miaka 16 ana akili, anajua kweli na uongo, na Terra aliutumia uongo kwa ufundi mkubwa. Raven, dada yake katika kundi, alikuwa na baba mwovu kuliko Slade mara elfu, na kila siku alipigana na urithi huo. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba Terra hakuwa na lake. Lakini Raven alikuwa na kitu ambacho Terra alikikosa. Utoto wake aliupitisha miongoni mwa watu waliomfundisha amani, waliokijua kilichomo ndani yake na kumsaidia kukizuia. Terra aliangukia mikononi mwa mtu aliyekijua kilichomo ndani yake akakitia makali.

SAUTI YA WASOMAJI HUFIKA

Mtu asiseme kwamba maoni ya wasomaji ni maneno ya barazani yasiyo na matokeo. Katika hadithi za katuni za Marekani wasomaji wamewahi kupewa hata upanga mkononi. Nightwing alipoliacha jina la Robin, kijana mwingine aitwaye Jason Todd alikuwa amelichukua. Wasomaji wengi hawakumpenda, walimwona mkaidi. Mwaka 1988 kampuni ilimweka Jason katika hatari ya mlipuko, kisha ikatoa namba mbili za simu, moja ya kutaka apone na moja ya kutaka afe, kila simu ikilipiwa senti 50. Waliotaka apone walikuwa 5,271. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Kijana akafa kwa tofauti ya kura 72.

Hiyo ni hukumu ya harakaharaka, ya mtu aliyeshika simu usiku mmoja. Hukumu ya Terra imechukua njia nyingine, ya polepole. Waliomsoma wakiwa watoto walikua, baadhi yao wakaingia katika kazi ya kuandika na kuchora, wakapata nafasi ya kukisimulia kisa upya. Kati ya mwaka 2003 na 2006 televisheni ilionyesha katuni ya Teen Titans, ambayo watoto wa nchi nyingi waliijua kabla ya kusikia habari za kitabu. Humo Terra ni msichana mwenye hofu, asiyeweza kuzizuia nguvu zake, naye Slade anamnasa kwa kutumia hofu hiyo. Anasaliti, ndiyo, lakini mwishoni anamgeukia bwana wake, anauokoa mji, na mwili wake unageuka jiwe. Rafiki zake wanamwekea maua na maneno ya heshima. Mwaka 2017 ikatolewa filamu ya katuni yenye jina lile lile la kitabu, na humo pia Terra anamgeukia Slade kabla ya kufa, na kufa kwake kunaliliwa.

Hakuna aliyeirekebisha ile hadithi ya 1984. Ipo kama ilivyoandikwa, na George Pérez, aliyeichora, alifariki dunia Mei 2022 akiombolezwa na wasomaji wa mafungu yote matatu. Ila wale waliokua wakiisoma walipopewa kalamu, hawakuweza kuyaandika tena maneno yale ya kwamba hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mtoto.

MABISHANO YANAPOINGIA NYUMBANI

Chukua mfano wa polisi aliyerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku. Amevua buti, ameketi, anangojea chai. Watoto wake wawili wanabishana juu ya kisa hiki. Huenda wamekiona katika televisheni, huenda kitabu kimeazimwa kwa jirani.

"Alistahili," asema mvulana. "Walimlisha, naye akawauza."

"Hukumwona yule mzee?" ajibu dada yake. "Yeye ndiye aliyemtuma."

"Hakumshika mkono."

Wanamgeukia baba yao. "Baba, amua wewe."

Baba aliyechoka atatamani kusema, "Niacheni nipumzike, hizo ni picha tu." Na huenda ana haki ya kupumzika. Lakini afadhali ajikaze kidogo, kwa sababu watoto hawa wanamwuliza jambo la kazi yake. Usiku ule ule huenda aliletewa kituoni mtoto wa miaka 12 aliyekutwa na nyaya za simu ndani ya gunia. Polisi mwenye uzoefu hamalizi kazi kwa kuandika jina la mtoto katika kitabu cha matukio. Huuliza: nyaya hizi ulikuwa unampelekea nani? Na mtoto akinyamaza, hujua kwamba kimya hicho kina mwenyewe.

Kwa hiyo baba anaweza kuwaambia watoto wake kwamba wote wawili wamesema kweli nusu nusu. Terra alitenda, na waliosalitiwa wanayo haki ya kuumia. Mtu asiwafundishe watoto kwamba kutumwa kunafuta kosa. Askari yeyote anajua kwamba amri isiyo halali haimwoshi aliyeitekeleza. Lakini askari huyo huyo anajua pia kwamba mahakama ikishamaliza na aliyetekeleza, humgeukia aliyeamuru, na kadiri aliyetekeleza alivyo mdogo, ndivyo aliyeamuru anavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Kitabu hiki kilimhukumu wa kwanza na kumwacha wa pili aende zake, na hapo ndipo wasomaji walipokigomea.

Kisha baba na awasikilize. Yumkini binti ataeleza kwa nini anamtetea Terra, na katika maelezo hayo mzazi akasikia jambo alilokuwa halijui: kwamba darasani kuna msichana anayepewa zawadi na mtu mzima asiye jamaa yake, au kwamba kuna kijana mkubwa mtaani anayewatuma watoto wadogo dukani nyakati ambazo maduka yamefungwa. Watoto hawayasemi hayo wakiulizwa ana kwa ana, "Kuna nani anayekusumbua?" Huyasema kwa njia ya kupita, wakizungumza habari za mtu aliyemo kitabuni. Mzazi anayekifunga kitabu kwa hasira hufunga na mlango huo.

Yako pia mambo ya kuangalia. Kitabu hiki hakimfai mtoto mdogo. Kina mauaji, na zile picha za uhusiano wa Slade na Terra zahitaji mtu mzima awe karibu wa kusema waziwazi kwamba ule haukuwa mapenzi. Kijana wa sekondari anaweza kukisoma. Mtoto wa chini ya hapo na aanze na ile katuni ya televisheni, tena mzazi akae naye wakati wa sehemu za Terra. Mama au baba asiyejua Kiingereza asione haya kumwomba mwanawe amsimulie picha moja baada ya nyingine. Kusimulia kutamlazimu mtoto kufikiri, na kutampa mzazi nafasi ya kuuliza lile swali la polisi bila ya kuvaa sare.

Katika kitabu, baada ya mazishi, Titans hawakumweleza kaka yake Terra ukweli wa mambo. Walimwacha aamini kwamba dada yake alikufa kama shujaa. Wasomaji wengine huwasifu kwa huruma hiyo, wengine huwalaumu kwa uongo huo. Hilo nalo watoto wa yule polisi watalibishania, chai ikisha kumiminwa, naye baba hatapata usingizi upesi kama alivyotarajia.